Mate ya Mama Mudogo

Amisi mwanangu,

Liputa ya bluu ya bibi yako Koko, ile kanga yake ya kujifunga, haimo tena ndani ya begi lako. Usipekue chini ya mashati wala usimuulize mtu. Nimeitoa mimi leo mchana, na mahali pake nimeweka karatasi hizi. Najua utalifungua begi jioni, kwa sababu viatu vyako vipya bado viko dirishani, na mtu anayekwenda Kinshasa kwa ndege hawezi kusahau viatu vya namna ile, vyenye ncha kama mdomo wa kuku.

Nimeandika "mwanangu" na najua umecheka. Cheka. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe una ndevu, na nikipita mbele ya vijana wa mtaa wetu wa Kabondo bado ninabana daftari kifuani na kutazama chini. Lakini siku ya kumaliza matanga ya dada yangu Mariamu, mama yako mzazi, wazee walinikalisha mkekani, wakakushika mkono, wewe mvulana mkubwa mwenye chunusi, wakasema mbele ya watu wote: "Mariamu amekwenda. Mama yako sasa njo huyu." Nilikuwa msichana wa miaka sita na nilikuwa nimeshika kipande cha ndizi ya kukaanga. Ulinitazama. Halafu ukapiga magoti, kwa mzaha tu, ukasema: "Maman, nipe ruhusa niende kucheza mupira." Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nikaona kwamba unangoja kweli, nikasema: "Enda."

Tangu siku ile umeniomba ruhusa ya kila kitu. Kunyoa nywele. Kuchumbia, mara mbili, na mara zote mbili nilikataa na nilikuwa na haki. Hata kuazima ndoo. "Mama mudogo, mutoto wako anaomba." Ulikuwa mzaha, lakini ulikuwa mzaha mzuri, na msichana mwenye haya kama mimi aliishi ndani yake kama ndani ya nyumba. Safari hii tu hukuniomba. Nilisikia habari ya Kinshasa kutoka kwa jirani yetu Papa Saleh, akiwa ameegemea baiskeli yake, akidhani ninajua.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala wezi wa simu, wala wanawake, wala swala. Mambo hayo ni ya mama yangu Koko, na Koko angekuambia yote kwa mpangilio wake, kama Koko angekuwa bado anasema. Hasemi. Hukuona? Ndicho ninachotaka kukuandikia. Nitaandika kwa hasira kwa sababu kinyaa kimenijaa mpaka kooni, na ukikuta mahali kalamu imetoboa karatasi, ujue si karatasi mbaya.

Ngoja nianze na mambo mazuri, ili usiseme nimeyasahau.

Nakumbuka ulivyokuwa ukikaa naye uani akichambua majani ya muhogo ya sombe, wewe ukiwa na daftari gotini. Alikuwa anakuambia habari za kijiji chake cha mto Lindi na wewe unaandika haraka, unamkatiza: "Koko, rudia. Ulisema 'fasi' ao ulisema 'pahali'?" Naye anakutupia jani. "We mutoto, unaandika ao unanihukumu?" Kila jioni uliniletea kurasa, nami nilizisoma nikiwa nimelala kwa tumbo, taa ya simu mdomoni. Hapo nilifanya kosa langu la kwanza la mama: nilikusifu mno. Kila ukurasa nilisema uko sawa. Mama mwenye akili angesema huu uko sawa na ule si sawa, ili mtoto ajue sifa ina uzito gani. Wewe ulizoea sifa kama mtu anavyozoea sukari, na baadaye mtu yeyote aliyekupigia makofi alikuwa mama yako.

Wakati ule lakini ulikuwa na msimamo. Nakumbuka siku tuliyopeleka riwaya kwa yule bwana wa kompyuta ili aichape. Alisoma ukurasa wa kwanza akavua miwani. "Jeune, hii Swahili yako iko mubaya. Bon, nitakutengenezea bure. Mutoto, ni mtoto. Batu, ni watu. Na hizi 'iko' zote tutafagia."

Ukasema: "Acha vile viko, papa."

"Batasema haukusoma."

"Baseme."

"Donc unataka kitabu chako kiseme kama mama wa soko?"

"Njo kile ninataka. Iko mama wa soko njo anasema."

Alichapa, na alikuwa akiguna kwa kila mstari. Tulipokuwa tunarudi tumepakiwa kwenye pikipiki, wewe nyuma yangu na karatasi zikiwa kati yetu zisipeperuke, uliniambia sikioni: "Nikiandika mtoto, si yeye tena anasema. Iko mwalimu." Nilifika nyumbani nikaandika sentensi ile ndani ya jalada la kamusi yangu. Bado iko pale. Nimeitazama sasa hivi na nimetaka kuikwangua kwa wembe.

Kitabu chako ni kizuri. Sisemi hivi kwa sababu ni mama. Sura ya mbuzi aliyeletwa barazani kwa chifu kutoa ushahidi inachekesha mpaka Koko mwenyewe, alipoisikia, alishika mbavu akasema: "Yule mbuzi alikuwa na akili kupita chifu, kweli kabisa." Sura ya bwana harusi aliyeogopa kuvuka mto inachekesha vilevile. Hizo uliziandika watu wacheke. Usiniambie basi kwamba mama mudogo hajui kucheka, kwamba vitabu vimemkausha. Nitafika huko.

Ukurasa wa mtumbwi si wa kucheka. Unajua, kwa sababu nilikuwa uani siku Koko aliyokupa. Hakuwa akichambua kitu. Mikono yake ilikuwa mitupu mapajani. Alikuambia jinsi alivyomleta mwanawe wa kwanza kutoka kijijini kwenda hospitali, na jinsi mtoto alivyomfia mgongoni kabla hawajafika nusu ya njia, na jinsi alivyojua na hakusema, kwa sababu mwenye mtumbwi hakubali maiti chomboni mwake, angewashusha kwenye ukingo wa msitu. Wanawake wa mtumbwi wakamuuliza: "Mutoto huyu hapana kulia?" Akajibu: "Iko nalala." Jua likapanda. Nzi wakaja. Mmoja akamwambia amgeuze mtoto, jua linampiga. "Iko nalala." Mwingine akampa uji wa mtoto kwenye kikombe, naye akaupokea, akashukuru, akageuka akaunywa yeye mwenyewe, uji wa mtoto wake, ili wasijue. "Iko nalala tu." Mpaka mjini.

Uliandika vile alivyosema, bila kuongeza hata neno. Wakati ule nilidhani ndiyo heshima kubwa mtu anayoweza kumpa mwingine.

Ulipousoma mbele ya watu mara ya kwanza, pale kwenye uwanja wa shule yetu, ulikaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakifika kidevuni. Watu walikuwa wachache. Ulisoma kwa sauti yako, hii hii unayoombea ndoo. Mama anayeuza mikate pale langoni aliacha beseni lake likizungukwa na watoto akaja kusimama mlangoni, na ulipomaliza alisema, si kwa mtu yeyote: "Mimi vilevile." Halafu akarudi kwenye mikate yake. Nilikuwa mama wa mtu mkubwa siku ile, Amisi. Nilitembea barabarani bila kutazama chini.

Sasa jioni ya ukumbi.

Nakubali mambo yako yote mazuri ya jioni ile. Ulimnunulia Koko liputa mpya. Ulimkalisha mbele, kiti cha kitambaa. Ulisimama kwenye mwanga, na yule bwana wa maikrofoni mwenye koti la kung'aa alikutangaza vizuri, ingawa alilitamka jina la kitabu kama anatema mbegu. Kulikuwa na nyama kwenye sahani za karatasi, na watu walikuwa wanakula huku unasoma. Hilo peke yake lilinitia kinyaa kidogo, lakini nilijiambia: watu wa mjini.

Ulifika kwenye mtumbwi. "Iko nalala," ukasema, na bwana mmoja wa mstari wa mbele, mdomo umejaa nyama, akacheka. Sidhani ni mtu mbaya. Nadhani alisikia lugha ya mpishi wake ikitoka kwenye maikrofoni na jambo hilo likamtekenya. Angecheka akanyamaza. Lakini wewe uliinua macho. Nilikuona. Ni yale macho yako ya uwanjani, mpira unapokuja na goli liko wazi.

Ya pili uliivuta puani. "Iiiko naaalala." Watu zaidi wakacheka. Ya tatu ulipinda mgongo, ukakunja mdomo juu ya meno ili lionekane pengo la meno la Koko, ukayaacha mate yaruke kama yanavyomruka yeye akisema haraka. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wanawake walijipiga mapaja. Watu wakaja mbele kukubandika noti kwenye paji la uso, na jasho lako likazishika, na wewe ukaendelea na noti zile usoni, uso wa pesa unamwigiza mama mwenye maiti mgongoni. Bwana wa maikrofoni akapiga kelele: "Koko mwenyewe iko wapi? Koko iko nalala!"

Koko akanivuta mkono. "Banacheka nini?"

Mimi, msomi wa nyumba, nikasema: "Banafurahi, Mama."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, ulimi kwenye lile pengo. "Juu ya mutoto mwenye alikufa, banafurahi?"

Nilipaswa kusimama na kusema kitu, hata kitu kibaya, hata kuangusha kiti. Nilibaki nimekaa, daftari kifuani.

Baadaye ulikuja mezani kwetu umelowa jasho, noti moja bado imekuganda karibu na sikio, ukachukua nyama kwenye sahani ya Koko ukalamba vidole. "Koko, uliona? Batu banakupenda!" Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro. Uliposikia ulisema nyama ilikuwa mbovu. Nyama ilikuwa nzuri. Kilichonitapisha ni mdomo wako. Mdomo ule ulilishwa na mdomo ulioukejeli. Ulipokuwa huna meno Koko alikutafunia ndizi akakutilia kinywani, na mate yale yale uliyoyarushia watu wacheke ndiyo yaliyokuotesha hiyo mifupa mirefu. Siwezi kuandika jambo hili kwa upole. Nimejaribu mara kadhaa na kila mara upole unanukia uongo.

Halafu neno likatoka ukumbini likaingia mjini. Sijui kama unatembea umeziba masikio. Dereva wa pikipiki akiulizwa kama mafuta yapo: "Iko nalala!" Muuza samaki akiulizwa kama samaki ni wa leo: "Aa mama, iko nalala tu," na anampapasa samaki tumboni kama mtoto. Simu ikizimika darasani kwetu, wanafunzi wote wanaimba. Mlevi alilala mbele ya duka, watoto wakamzunguka, na mmoja alikuwa amejifunga kanga mgongoni na chupa tupu ndani yake. Alikuwa anakuigiza wewe unayemwigiza Koko. Nilisimama nikamtazama yule mtoto. Alikuwa na kipaji, hata kukushinda.

Koko alilisikia bombani. Alikuwa kwenye foleni ya maji, na kidumu chake kilikuwa kimebaki nyuma. Msichana mdogo akauliza kidumu hiki ni cha nani, mwingine akasema: "Cha ule koko wa iko nalala." Hawakumtukana. Walimwita kama mtu anavyoitwa kwa jina lake.

Tangu siku ile anasema Lingala. Koko! Ambaye Lingala yake inachechemea, ambaye alikuwa anatukataza kuisema mezani kwa sababu ni lugha ya askari. Papa Saleh alipita akamsalimu kama kila siku, "Yambo mama, habari ya kulala?" naye akajibu, "Malamu," akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. Papa Saleh akaniita pembeni: "Mama iko mugonjwa wa meno?" Nikasema ndiyo. Nimesema uongo mwingi kwa ajili yako, na huu nao uweke humo. Nyumbani anasema "ee" na anasema "te", yaani ndiyo na hapana, na akitaka chumvi ananyoosha kidole. Jana nilimwomba anirudie habari ya mbuzi, ile tu ya mbuzi, nikidhani itamfungua. "Hiyo imo kwenye kitabu cha Amisi," akasema kwa Lingala. "Soma kule."

Mimi ninajua anachofanya kwa sababu nimekifanya. Nilipoingia sekondari, mwalimu aliniinua nieleze somo, nami nikasema "iko" mahali pasipotakiwa, darasa zima likarudia "iko, iko, iko" mpaka kengele. Hukuwahi kujua, sikumwambia mtu. Nilikaa miaka bila kuinua mkono. Nilikuwa najua majibu, nayaandika pembeni ya daftari, nasikia mwingine akiyasema vibaya na kupewa alama. Watu wanasema Zaina ana haya kwa asili. Sina haya kwa asili. Nilifungwa mdomo siku moja na nikaendelea kuufunga mwenyewe, hilo ndilo kosa nililolilipia zaidi kuliko yote, na ni kitabu chako kilichoufungua. Nilipokisoma nilisema moyoni: kumbe mtu anaweza kuandika hivi na dunia isianguke. Wiki ileile niliinua mkono darasani. Sasa umelichukua neno lile lile ulilonirudishia mimi na kumfunga nalo Koko.

Nilikuambia haya ya Koko, kwa kifupi na kwa kigugumizi, siku ile ulipokuwa unaosha uso uani. Nakumbuka majibu yako yote, kwa hiyo huna haja ya kuyaandika upya.

"Mama mudogo, kitabu hakiuzwe. Viko chini ya kitanda, muchwa unakula. Batu hawataki kulia, banalia sana kwabo. Banataka kucheka."

"Basi wape mbuzi."

"Mbuzi haitoshi. Ule bwana wa Kinshasa aliona vidéo ya mutumbwi. Njo kile anataka. Njo kile analipia tiketi."

"Koko ameacha kusema."

"Koko iko muzee. Bazee banachokaka." Halafu ukajifuta uso, ukatabasamu, ukasema: "Na yeye mwenyewe alichekaka pale, niliona."

Hakucheka, Amisi. Alikuwa ameonyesha meno kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama. Wewe mtu wa kuuliza "fasi" ao "pahali", ulishindwa kusoma uso wa Koko kutoka hatua chache.

Nilikubali jambo moja katika maneno yako, na bado nalikubali: mchwa. Nilikwenda kutazama chini ya kitanda chako. Ni kweli, wamekula, wameanzia jalada. Nilikaa sakafuni nikapangusa vitabu na nikalia kidogo. Sikuandikii uache Kinshasa. Mtu aliyeandika kitabu kile ana haki ya kutafuta watu wa kukisoma hata kama ni lazima apande ndege, na vijana wa hapa wote wanaotaka kitu wanakitafuta huko mto unakoteremkia. Enda. Lakini leo nilipokuwa nakukunjia mashati, kwa sababu unayakunja kama magunia, mkono wangu ukagusa liputa ya bluu. Ile ya kale, iliyofifia, aliyojifunga wakati unaandika. Ulikuwa umeiviringisha pamoja na kitambaa cha kichwa na kile kichupa cha rangi nyeusi cha kupaka meno. Nilielewa mara moja. Ulikuwa humpeleki Koko Kinshasa kwenye karatasi. Ulikuwa unakwenda kumvaa.

Nilirudisha liputa sandukuni kwake. Alikuwa ameketi kitandani, akaniona. Hakuuliza ilikuwa wapi. Aliinusa tu, labda kwa sababu ilinukia manukato yako.

Sasa nisikilize kama mtoto.

Unakumbuka ulipokwenda Lindi mara ya kwanza kukiona kijiji mwenyewe. Kwetu msafiri haondoki bila mama yake kulamba kidole gumba na kumwekea mate kwenye paji la uso, na ni mama, hata bibi hawezi kumfanyia. Koko alinisukuma mbele. Watu wote wa uani walikuwa wanatazama, mimi mtoto wa miaka kumi na miwili, na mdomo wangu ulikauka kabisa kwa haya. Nilitafuta mate nisiyapate. Wewe ulipiga magoti ili nikufikie, ukasubiri, macho umefumba, na mtu alipoanza kucheka ulisema bila kufumbua macho: "Munyamaze. Mama iko natafuta mate." Ukangoja mpaka yakaja. Sijawahi kupendwa kuliko pale. Ungeweza kuwafanya watu wote wanicheke, goli lilikuwa wazi, na hukupiga.

Huyo ndiye niliyemzaa mkekani na kipande cha ndizi mkononi. Ndiye ninayemwandikia. Huyu mwenye viatu vya kuku simjui, na simpi kitu.

Kesho asubuhi, kabla pikipiki haijaja, Koko atakuwa uani kwenye kigoda chake. Nenda kwake bila simu na bila viatu vile. Usimwombe msamaha kwa maneno mengi, unajua sana kupanga maneno na atakuona unaandika. Kaa chini. Mwambie kwamba ukurasa wa mtumbwi ni wake, na umuulize kama unaruhusiwa kuubeba. Omba ruhusa, kama ulivyokuwa unaniomba mimi, ila bila mzaha. Akisema hapana, chana ukurasa huo mbele yake, peleka Kinshasa mbuzi na bwana harusi, na yule bwana wa tiketi akikasirika, akasirike. Akisema ndiyo, usome umekaa, kwa sauti yako ya ndoo, na mtu wa kwanza akicheka, usiinue macho.

Huenda asikujibu. Huenda akakupa "te" na kitambaa mdomoni. Basi subiri. Unajua kusubiri, ulinisubiri mimi. Sijali ndege ikiruka.

Nitakuwa jikoni, nikisikiliza kupitia dirisha la wavu. Nikisikia Koko amesema hata neno moja la lugha yake, hata tusi, nitatoka. Utapiga magoti, kwa sababu wewe ni mrefu na mimi sijaongezeka. Mdomo wangu hautakauka safari hii. Nina mate tele, yamejaa tangu jioni ile ya ukumbi, na yatatoka kesho kwa vyovyote. Kama yataangukia paji lako la uso au viatu vyako, hilo nimekuachia wewe.

Mama yako,
Zaina